Kanada: Nchi ambayo baridi ni kifuniko cha maji

Wasomaji, leo nawaomba mwaite watoto wote karibu, hasa walio katika shule za upili, kwa maana tuna safari ndefu. Tunakwenda Kanada. Lakini hatupandi ndege. Tunaanzia Mwingi, kwenye mchanga wa mto mkavu.

Kisa chenyewe ni hiki. Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, nilikwenda nyumbani kumjulia mama hali. Ni safari ya kilomita zipatazo 170 kutoka Nairobi, ukipitia Thika na Matuu. Ndani ya gari nilikuwa na mpwa wangu, mwana wa dada yangu, aliye kidato cha tatu. Kijana huyo alikuwa amenuna tangu Thika. Ripoti yake ya muhula ilionyesha alama 31 kwa mia katika jiografia, na dada yangu alikuwa amenikabidhi kazi kabla ya kuondoka. "Kaka, zungumza naye," aliniambia. "Anataka kuliacha somo kabla hawajasajiliwa kwa KCSE. Mimi ameshanishinda."

Tulipopita Matuu nikamwuliza, "Haya mjomba, shida iko wapi?"

"Mjomba, shida ni Kanada," akajibu bila kunitazama.

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Alianza kunitajia kama anayesoma orodha ya dukani: British Columbia ni misitu, Saskatchewan ni ngano, St. Lawrence ni meli. "Nayakariri usiku kucha. Nikifika mtihanini yote yanachanganyika. Na hata nikiyajua, mjomba, mimi yanihusu nini?"

Wazazi mliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 mtakumbuka. Somo la jiografia lilipanga nchi mbilimbili: kahawa ya Kenya na ya Brazili, ng'ombe wa maziwa wa Kenya na wa Denmark, uvuvi wa Kenya na wa Japani, kisha ngano na misitu ya miti laini ya Kenya na ya Kanada. Nia ilikuwa njema, mwanafunzi ajifunze kulinganisha. Lakini wengi wetu tulikariri orodha mbili, tukazitema mtihanini, na kufikia Krismasi tulikuwa tumezisahau zote mbili.

Sikumjibu kijana siku hiyo. Aliyemjibu ni nyanya yake, ambaye sisi Wakamba humwita susu.

SWALI LA SUSU

Kesho yake asubuhi tulifuatana na punda hadi mtoni. Mto wetu, kama mito mingi ya Mwingi, hutiririka siku chache tu mvua inaponyesha. Mwezi wa Agosti ni mchanga mtupu. Ili upate maji sharti uchimbe shimo, ungoje yajikusanye, kisha uyateke kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae. Wakati mwingine shimo humzidi mtu kimo.

Kijana alipokuwa akichota, susu aliyeketi kando akamwuliza anasoma nini shuleni. Naye, kwa sauti ya kuchoka, akasema anasoma habari za Kanada.

"Ni wapi huko?"

"Mbali sana susu. Kaskazini, ng'ambo ya bahari."

Susu akafikiri kidogo. "Na watu wa huko huteka maji wapi?"

Kijana akacheka. "Susu, hao hawana taabu ya maji. Mvua yao si kama yetu."

Hapo nikamkatiza. "Mjomba, una hakika? Una hakika kwamba wao hupata mvua kutushinda?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka mashariki. Nikatwaa kijiti, nikachora ramani kwenye mchanga. Shimo letu la maji nikalifanya Ghuba ya Hudson, lile pengo kubwa la bahari linaloingia katikati ya Kanada kutoka kaskazini. Kulia ni Bahari ya Atlantiki, kushoto ni Pasifiki, juu ni bahari ya Aktiki, na chini ni mpaka na Marekani. Punda mmoja akakanyaga Alberta, tukaendelea.

UKUBWA USIOINGIA KICHWANI

Kwanza tupime ukubwa. Kanada ina kilomita za mraba 9,984,670. Ni nchi ya pili kwa ukubwa duniani baada ya Urusi. Kenya yetu ingeingia humo mara 17. Barabara kuu iitwayo Trans-Canada, itokayo St. John's mashariki hadi Victoria magharibi, ina urefu unaozidi kilomita 7,000. Hiyo ni sawa na kutoka Nairobi hadi Mombasa zaidi ya mara 14.

Nayasema haya kwa ajili ya wazazi pia. Siku hizi familia nyingi za Nairobi na Mombasa zina kijana aliyekwenda kusoma au kufanya kazi Kanada. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimlaumu mwanawe aliye Vancouver kwa kutopita jioni kumwona binamu yake aliye Toronto. Mama huyo hakuwa na kosa, maana kwake yote ni Kanada. Lakini kutoka Vancouver hadi Toronto kwa ndege ni kama kutoka Nairobi hadi Cairo. Hakuna apitaye Cairo jioni.

Ajabu ni kwamba ndani ya ukubwa huo watu ni wachache. Sensa yao ya mwaka 2021 ilihesabu karibu milioni 37. Yetu ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Chukua Nunavut, eneo la kaskazini lililoanzishwa rasmi Aprili 1, 1999, hasa kwa ajili ya Wainuiti, wenyeji wa nchi ya barafu. Kaunti yetu ya Kitui ingeingia Nunavut zaidi ya mara 60. Ila Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 mwaka 2019, na Nunavut nzima ilikuwa na watu 36,858 mwaka 2021. Hao hawajazi hata viti vyote vya uwanja wa Kasarani.

Basi wengine wako wapi? Wameshikamana na mpaka wa kusini. Watu wawili katika kila watatu wa Kanada huishi ndani ya kilomita 100 kutoka mpaka wa Marekani. Toronto, Montreal, Vancouver, na mji mkuu Ottawa, yote iko chini huko. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini watu wamejibana hivyo, atakuwa ameielewa nusu ya Kanada. Jibu lake limo katika swali la susu.

Hata jina la nchi hiyo lina undugu na la kwetu. Mwaka 1535 vijana wawili wenyeji walimwelekeza baharia Mfaransa, Jacques Cartier, kwenye kijiji chao wakitumia neno "kanata", maana yake kijiji au makazi. Mfaransa akaliandika kama jina la nchi yote ile. Nasi je? Desemba 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa mtemi Kivoi, alipouona kwa mbali mlima wenye theluji. Wakamba walimtajia jina lake, Kiinyaa, naye akaliandika kadiri alivyolisikia. Jina hilo la mlima ndilo lililokuja kuwa jina la Kenya.

MVUA HAITOSHI KUELEZA

Sasa turudi kwenye maji. Mjini Regina, katikati ya nyanda za ngano za Saskatchewan, mvua na theluji yote ya mwaka ikiyeyushwa na kupimwa hufika karibu milimita 390. Mwingi mjini, kwa wastani wa miaka mingi, hupata zaidi ya hizo! Ukienda kaskazini zaidi, mahali paitwapo Eureka katika Nunavut hapapati hata milimita 100 kwa mwaka. Lodwar ya Turkana hupata zaidi. Kwa kipimo cha mvua, sehemu kubwa ya Kanada ya kaskazini ni jangwa.

Kijana alipigwa na butwaa. "Lakini mjomba, mbona ramani imejaa maziwa?"

Ni kweli imejaa. Kanada ina maziwa zaidi ya 31,000 ambayo kila moja linazidi kilomita tatu za mraba. Madogo zaidi ya hayo hayahesabiki kwa urahisi. Sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni mabakuli. Karibu nusu ya Kanada imekalia mwamba mkongwe uitwao Ngao ya Kanada, unaoizunguka Ghuba ya Hudson. Humo yamo mawe ya naisi yenye umri wa karibu miaka bilioni nne, miongoni mwa makongwe kabisa yanayojulikana duniani. Naisi si mgeni kwetu. Milima ya Mumoni na ya Nuu pia imejengwa kwa mawe ya jamii hiyo, ingawa yetu ni machanga zaidi. Tofauti ni kwamba, yapata miaka 20,000 iliyopita, karibu Kanada nzima ilikuwa chini ya barafu ambayo mahali pengine unene wake ulifika kilomita tatu. Barafu hiyo ilisonga polepole, ikikwaruza mwamba na kuchimba mashimo. Ilipoyeyuka, mashimo yakabaki yamejaa maji.

Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo ni jua. Mwingi iko kilomita zipatazo 100 tu kusini mwa Ikweta. Jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima. Katika sehemu zetu kavu jua lina nguvu ya kukausha maji yenye kina cha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, ilhali mvua inayoingia haifiki hata nusu ya hizo. Ni kama mtu anayepata shilingi 600 na kudaiwa 1,500.

Kanada iko mbali kaskazini. Toronto, ambayo ni ya kusini kwao, iko latitudo 43. Kituo cha Alert, makao ya watu yaliyo kaskazini kabisa duniani, kiko latitudo 82, na majira ya baridi hakioni jua kwa miezi minne na zaidi. Miale huwafikia ikiwa imelala, na joto lake hutawanyika. Kwa miezi mingi maji yao ni barafu na theluji. Jua haliwezi kuyanyonya, nayo hayatiririki. Kaskazini kabisa hata ardhi yenyewe imeganda mwaka mzima, hivyo kile kidogo kinachoyeyuka kiangazini hakipati pa kuzama. Kinabaki juu, kikituama kama madimbwi.

Nilipomweleza susu hayo kwa Kikamba, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wamepewa kifuniko."

Nilikaa darasani miaka mingi, wasomaji, na sijasikia Kanada ikielezwa kwa ufupi namna hiyo. Ndiyo, baridi ni kifuniko cha maji yao.

KIFUNIKO NA NGANO

Ukishalishika neno hilo, mambo uliyoyakariri huanza kujipanga. Tuanze na ngano ya nyanda za Alberta, Saskatchewan na Manitoba.

Kule theluji hulala shambani wakati wote wa baridi. Inapoyeyuka mwezi wa Aprili huilowesha ardhi. Mkulima hupanda mwishoni mwa Aprili au Mei. Mvua yao nyingi hunyesha Mei hadi Julai, wakati ule ule mmea unapoihitaji, na siku ni ndefu, jua likiwaka saa 16 bila kuwa kali kama letu. Udongo ni mweusi na wenye rutuba, umetokana na nyasi za karne nyingi. Agosti na Septemba wanavuna. Hivyo milimita 390 zinatosha, kwa sababu hazipotei ovyo.

Lakini mkulima huyo ana adui wake. Akichelewa, jalidi ya mapema huua ngano kabla haijakomaa. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wao Charles Saunders alitengeneza mbegu iitwayo Marquis, iliyokomaa mapema kuliko mbegu za zamani, nayo ikaenea nyanda zote. Sasa mwanafunzi, hebu niambie, ni mbegu gani ya mahindi iliyotengenezwa miaka ya 1960 kule Machakos ili ikomae haraka kabla mvua za Ukambani hazijakatika? Ni Katumani! Mkulima wa Saskatchewan hukimbizana na baridi, wa Mwingi hukimbizana na jua, na wote wawili waliokolewa na mbegu yenye miguu myepesi.

Wala tusidhani wenzetu wako peponi. Kati ya 1857 na 1860 nahodha John Palliser alipima nyanda hizo, akasema kwamba pembe ya kusini ni kavu mno kwa kilimo. Watu hawakumsikiliza, wakalima. Miaka ya 1930 ukame ulikuja, udongo ukapeperushwa kama moshi, na maelfu ya familia zikahama. Mwaka 2021 ukame mwingine ulishusha vibaya mavuno yao. Mwaka huo huo sisi tulikuwa katikati ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Kifuniko hakizuii kila kitu.

MISITU NA MELI

Sasa misitu. Upande wa Pasifiki, katika British Columbia, pepo kutoka baharini hugonga milima, hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Mji wa Prince Rupert hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo ndipo miti kama Douglas fir hukua mirefu na minyofu. Ng'ambo ya pili ya milima hiyo pepo hushuka zikiwa zimekauka, na nchi ni kame, kama ilivyo Laikipia upande wa pili wa Mlima Kenya. Katika kijiji cha Lytton, kilicho upande huo mkavu, Juni 29, 2021 joto lilifika nyuzi 49.6. Kesho yake moto ukakiteketeza karibu chote. Na hii ndiyo nchi ambayo Februari 3, 1947, huko Snag katika Yukon, kipimo kilishuka hadi nyuzi 63 chini ya sufuri!

Kutoka hapo msitu mwingine wa miti laini umetanda kwenda mashariki hadi Atlantiki. Miti hiyo ina majani membamba kama sindano, ambayo hayapotezi maji mengi, na matawi yaliyoinama ili theluji iteleze. Kwetu miti laini ni misaindano na mikaratusi ya kupandwa? La, mikaratusi ni miti migumu, msijichanganye mtihanini. Yetu ni misaindano na misaipresi ya kupandwa kwenye nyanda za juu, yao imejiotea yenyewe kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo penye alama za kulinganisha. Msitu wao nao una mashaka: mwaka 2023 moto uliunguza takriban hekta milioni 15, eneo linalokaribia robo moja ya Kenya.

Mwisho ni meli. Ziwa Superior, ambalo Kanada inaligawana na Marekani, ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, na Ziwa Victoria ndilo la pili. Superior liko mita 183 hivi juu ya bahari, tena maporomoko ya Niagara yamekaa njiani. Meli hupandaje? Hupanda ngazi. Njia ya maji ya St. Lawrence, iliyofunguliwa mwaka 1959, ina vyumba vyenye milango. Meli huingia chumbani, mlango hufungwa, maji hujazwa, meli hupanda, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Penye Niagara, mfereji wa Welland wenye vyumba vinane huizungusha meli kando ya maporomoko. Kwa njia hiyo ngano ya katikati ya bara hufika baharini.

Lakini Januari hadi Machi njia hiyo hufungwa, kwa kuwa kuna barafu. Kifuniko kina gharama yake. Na bado kule kaskazini, karibu na Yellowknife, watu wamekigeuza kuwa faida. Maziwa yakiganda barabara, malori makubwa hupita juu yake kupeleka mafuta na vyombo kwenye migodi ya almasi. Kiangazi kikifika, barabara hiyo huyeyuka ikawa ziwa tena.

KIFUNIKO CHETU

Punda walikuwa wamekwisha kupakiwa tulipomaliza. Kijana alisimama akiutazama mto wetu mkavu kwa muda.

"Kwa hiyo mjomba, sisi shida si mvua tu. Shida ni kwamba maji hayakai."

Ndiyo hasa. Mvua yetu huja kwa vishindo, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, na hii ya pili ndiyo tunayoitegemea zaidi Ukambani. Inapokuja hujaza mito kwa saa chache. Hatujasahau Desemba 4, 2021, Mto Enziu ulipofurika ukalisomba basi lililojaa wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Watu wa nchi kavu kufa maji! Juma moja baadaye mto kama huo waweza kuwa mchanga tena. Mengine yamekimbilia Tana au yamepotelea njiani, na mengine yamenyonywa na jua.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wananchi wa Kitui, pamoja na mashirika yanayowasaidia, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hujengwa kukata mto mkavu, ukiwa umesimama juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe za mchanga. Robo ya ujazo huo au zaidi yaweza kuwa maji. Jua hukausha sehemu ya juu tu. Chini ya hapo haliwezi kufika. Kwa miezi mingi baada ya mvua, akina mama huchota kutoka kisima cha karibu badala ya kuamka alfajiri kufuata punda.

Susu, ambaye amechimba mchanga huo tangu utotoni, hakuhitaji mhandisi. "Wao kifuniko chao ni baridi," alisema akijifunga khanga, "sisi chetu ni mchanga. Lakini wetu lazima tuujenge."

Mpwa wangu hakuliacha somo. Muhula wa tatu alipata alama 49. Si alama ya kuchinjia mbuzi, na dada yangu bado anagombana naye. Lakini alinipigia simu jioni moja kuniambia jambo alilolifurahia zaidi. Waliulizwa kwa nini ngano hustawi Kanada penye mvua kidogo. Wenzake waliandika "udongo wenye rutuba" wakaishia hapo. Yeye aliandika ukurasa mzima, na mwalimu akausoma mbele ya darasa. Alama zote za swali hilo akazipata.

Wazazi, watoto wetu wakitujia na jina la nchi ya mbali, tusiwaambie tu wakariri. Tuwaulize kama susu: watu wa huko huteka maji wapi? Hula nini? Hukimbia nini? Akishalijibu kwa Mwingi, au kwa Kayole, au kwa Likoni, atalijibu kwa Kanada.

ZOEZI LA FAMILIA

1. Wekeni sahani tatu zenye kikombe kimoja cha maji kila moja. Ya kwanza ikae juani, ya pili ndani ya friji, na ya tatu ijazwe mchanga hadi maji yasionekane, kisha nayo ikae juani. Angalieni baada ya siku mbili. Ipi ni Mwingi, ipi ni Kanada, na ipi ni bwawa la mchanga?

2. Zimeni taa, mmulike tochi ukutani ikiwa imenyooka, kisha mwiinamishe. Mwanga huenea wapi zaidi, na hukolea wapi zaidi? Elezeni kwa nini Alert kuna baridi na Mwingi kuna joto.

3. Katika atlasi tafuteni Regina, Prince Rupert, Lytton na Yellowknife. Mtoto aeleze kila mji kwa sentensi moja tu, bila kutazama ukurasa huu.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema. Na ukiwa na mtungi wa maji nyumbani, ufunike.